Pepeta Haioneshwi Bila Karibu

Marahaba, wajukuu. Najua mngeniamkia kama mngeniona, kwa hiyo naitikia mapema tusipoteze muda. Vidole vyangu vimekuwa vizito kwenye simu, na nina jambo linanikaa rohoni. Nataka nilitue mbele yenu.

Bi Tatu amenipigia kutoka Rufiji. Huyu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima mpunga huko bondeni, na kwa miaka mingi mimi nilikuwa mtu wao wa mjini. Wao walilima na kutwanga, mimi nikapiga picha vyakula vyao na kuviweka mtandaoni, watu wakavinunua. Safari hii ameniuliza swali moja tu, kisha akakata simu, maana hiyo ndiyo tabia yake.

"Kanti, mwaka huu mlango upo au haupo?"

Sijamjibu. Mpunga umeanza kuinama na hautanisubiri mimi nimalize kuwaza. Nikikaa kimya siku chache zaidi, jibu litakuwa limejitoa lenyewe, na litakuwa hapana. Ili mwelewe kwa nini mzee mzima ameshindwa na swali fupi namna hii, itabidi mnivumilie nizunguke kidogo.

Mimi ni mpiga picha. Tuseme nilikuwa. Studio yetu ilikuwa Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi, chumba kimoja kirefu chini ya nyumba ya zamani, na mlango mpana wa mbao unaotazama barabarani. Baba ndiye aliyeifungua. Tulipiga picha za pasipoti, za harusi, za mtoto aliyetimiza mwaka, za kijana aliyenunua saa na anataka mkono wake ukae pale saa itakapoonekana. Sisi ni Wagujarati, ndiyo, lakini kwetu ni Kariakoo. India nitakuonesha kwenye ramani tu, na hata hapo nitavaa miwani kwanza.

Baba alinifundisha kwamba kila kitu kina uso. "Hata sufuria lina uso," alisema, "lizungushe mpaka likutazame." Nilimcheka sana. Halafu zikaja simu zenye kamera, kila mtu akawa na studio mfukoni, harusi zikanikimbia, nikabaki na pasipoti. Ndipo nilipoanza kuzungusha masufuria kweli.

Siku Bi Tatu alipoingia studio alikuwa na wenzake wawili, wanataka picha ndogo za kufungulia akaunti ya kikundi. Nikawaketisha, nikawapiga, nikawaambia wasubiri. Mke wangu, Hansa, alikuwa kwenye kaunta akikata picha kwa mkasi. Bi Tatu akafungua pindo la kanga yake, akatoa kitu kwenye kiganja, akamwambia Hansa, "Karibu, mama. Ya njiani hii." Hansa alikuwa mtu wa kukataa vitu vya watu kwa adabu, lakini ile alitazama, akachukua kidogo, akatia mdomoni. Akaacha kukata picha.

"Kanti," akaniita kwa Kigujarati, "njoo. Hii ni pauva. Hii ni pauva ya bibi yangu."

Kwa wasioijua pepeta, niwaambie. Mpunga unavunwa kabla haujakauka, punje ikiwa bado ina ukijani na maziwa yake yameanza tu kuganda. Unakaangwa kwenye chungu, unaingizwa kinuni ukiwa wa moto, wanawake wawili wanautwanga kwa kupokezana mpaka punje ziwe bapa, kisha unapepetwa pumba zitoke. Hauhitaji kupikwa tena. Ukitia nazi iliyokunwa na sukari kidogo, basi. Ina harufu ya shamba baada ya mvua, na hiyo harufu haikai sana. Wahindi nao wana mchele wao wa kubonda wanaouita pauva, ndiyo maana Hansa aliduwaa vile. Yeye na Bi Tatu hawakuwa na kitu kinachofanana isipokuwa kile kilichokuwa mdomoni, na wakakaa wanaongea mpaka picha zikakauka, zikasahauliwa.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo penye uzito. Ukivuna mpunga mbichi kwa ajili ya pepeta, umeukata. Haurudi shambani ukaiva. Kila kikapu cha pepeta ni wali ambao watoto hawataula mbele ya safari. Kwa hiyo huko kwao walikuwa wanatengeneza kidogo tu ya kuonja mwanzo wa mavuno, na vijana wakaanza kuona ni kazi ya kuvunja mabega bure. Bi Tatu alitaka iuzwe mjini ili isife. Kwa mara ya kwanza aliwashawishi wenzake wavune sehemu nzuri ya shamba ikiwa mbichi. Wengine walinung'unika. Pepeta ikikosa mnunuzi, nyumba zao zingenunua unga kwa sababu ya maneno ya Bi Tatu.

Tukafanya ubia, bila makaratasi mengi. Wao shamba na kinu. Mimi picha na simu. Wa tatu alikuwa Mama Ndeshi, jirani yangu, Mchaga wa Marangu aliyekuwa anauza mifuko na vifungashio kwa jumla. Huyu mama aliamini mambo mawili, Mungu na hesabu, na sikuwahi kujua kipi kinatangulia. Alisema atatoa mifuko mzigo ukianza kutembea. "Ukianza, nimesema," akarudia, "sio ukitarajiwa."

Picha yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Nilimwaga pepeta kwenye sahani nyeupe, nikawasha taa zote za studio, nikapiga kitaalamu kabisa. Nikaiweka mtandaoni kwa fahari. Mtu wa kwanza kutoa maoni akauliza, "Mzee, hicho chakula cha kuku ni bei gani?" Wa pili akasema ni magamba ya samaki. Hansa alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaona basi niongeze rangi, nikaifanya ya kijani hasa kwenye kompyuta, nikamtumia Bi Tatu aone. Akanijibu kwa sauti, "Kanti kaka, hayo majani umeyatoa wapi? Yetu haiko hivyo. Mtu akija akaikuta hii nyingine tutamwambia nini?"

Kutoka hapo nilijifunza, na nawapa bure. Zima taa. Sogeza chakula mlangoni, asubuhi, jua likiwa halijaingia ndani bado. Tia mkono wa mtu kwenye picha, kwa sababu mkono ndio unaomwambia mtazamaji ukubwa wa kitu na ndio unaomwambia kwamba kuna mtu aliyekitengeneza. Na usiongeze rangi. Ukimdanganya mteja wa dukani atakutukana wewe peke yako, lakini wa mtandaoni atakutukana mbele ya ukoo wake wote.

Nikapiga tena. Safari hii ni kiganja cha Hansa, pepeta juu yake, mwanga wa mlangoni. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Nikamtumia Bi Tatu, nikangoja sifa. Akanipigia.

"Nzuri. Lakini umeandika nini chini yake?"

"Nimeandika pepeta safi ya Rufiji, na namba ya simu."

"Na karibu iko wapi?"

"Karibu ipi, dada?"

"Kanti, wewe umezaliwa Kariakoo au umeletwa juzi? Unamwonesha mtu chakula, humkaribishi? Mama mjamzito akikiona? Mtoto akikiona? Utamtamanisha mtu halafu unampa namba ya simu?"

Nilimweleza kwamba mtandaoni ni tofauti, kwamba wanaotazama ni wengi na wako mbali, kwamba ni tangazo tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, hiyo ndiyo adabu yake, halafu akasema kwao chakula kilicho wazi hakipitishwi mbele ya macho ya watu bila karibu. Ama kifunikwe kawa, ama mtu akaribishwe. Kama siwezi kuandika karibu, nipige picha ya kawa.

Nikaona ni neno tu, halina gharama. Nikaandika: "Karibuni tule pepeta ya Rufiji. Jumamosi, studio kwa Kanti, Kariakoo." Niliweka studio kwa sababu karibu isiyo na mahali haikuleta maana. Nikaibandika kila nilipoweza, jamaa wa Rufiji walioko mjini wakaichukua, wakaipeleka kwenye magrupu yao ya wasap, mimi nikalala usingizi mzuri.

Jumamosi wakaja.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja kutoka Mbagala na wajukuu zake, amevaa kanga mpya. Akasema hodi, akasema, "Tumekuja kwenye karibu." Nikadhani anataka picha. Nikamkalisha kwenye kiti cha pasipoti, nikamwambia ainue kidevu. Akaniambia, "Baba, mimi nimekuja kula." Nyuma yake wakaingia wapakia mizigo wawili kutoka mtaa wa Gerezani, halafu mwalimu mstaafu na mkewe, halafu sikuweza tena kujua nani na nani. Walijaa kwenye viti vya kusubiria, wakakaa chini, wakasimama mlangoni. Wanaongea habari za kwao, nani amezaa, maji yamefika wapi, nani bado analima ng'ambo ya mto.

Mama Ndeshi alikuja mbio kutoka dukani kwake. "We Kanti! Hii ni studio au umefungua msiba?"

"Wamekuja kula pepeta."

"Wanalipa?"

Mzigo wote wa kwanza wa akina mama ulikuwa chumba cha ndani, kwenye magunia, ule mpunga uliokatwa mbichi. Nikaingia huko na simu, nikampigia Bi Tatu. Nikamwambia watu wamekuja wengi, wanadhani ni karibu ya kweli, niwaambie ni tangazo?

Kulikuwa na kelele za kinu upande wake. Zikanyamaza.

"Umewakaribisha?"

"Nimewakaribisha."

"Basi wape, kaka. Utamwambia nini mgeni aliyeketi? Wape."

"Na ikiisha?"

Nilijua anafikiria nini, maana na mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho: wale wenzake walionung'unika. Halafu akasema, "Ikiisha, imeliwa," akakata.

Hansa hakungoja kuambiwa. Alikwishaagiza nazi, amekaa kwenye mbuzi yake sakafuni, anakuna. Bibi wa Mbagala akamnyang'anya akasema mkono wake ndio unaojua. Yule mwalimu aliweka pepeta ya kwanza mdomoni, akafumba macho, mkewe akamwambia mbele ya watu, "Meza basi, wengine wanangoja sahani." Walikula. Waliokuwa na watoto nyumbani waliomba cha kubeba, na Hansa akawafungia kwenye vyombo vyetu vya jikoni, bakuli, sufuria, hata lile sinia la harusi yetu. Jioni magunia yalikuwa matupu na jikoni kwangu hakuna hata kikombe.

Mama Ndeshi alisimama akatazama. "Mmelisha Dar es Salaam," akasema. "Kesho mtakula picha."

Siku zilizofuata simu haikulia hata mara moja. Bi Tatu naye hakupiga, na kule kijijini nilijua wanamuuliza. Sijawahi kuogopa kazi yangu namna ile. Kupoteza wateja nimepoteza, kuharibu picha za harusi nimeharibu, lakini hapa nilikuwa nimegawa wali wa watoto wa watu kwa sababu ya neno moja. Nikimtazama Hansa, yeye anafuta kaunta tu, hana wasiwasi. Nikamuuliza hana wasiwasi kwa nini. "Vyombo vyetu viko kwao," akasema.

Sikumwelewa mpaka vilipoanza kurudi. Mnajua mambo ya pwani: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ni aibu. Bibi wa Mbagala alirudisha bakuli limejaa visheti. Wale wa Gerezani walirudisha sufuria ina maembe. Mwalimu alileta sinia letu na mkate wa kumimina juu yake, na pamoja na mkate akaleta majina ya majirani zake waliotaka pepeta, wanalipia, iletwe lini. Kila chombo kilirudi na kitu na watu. Na kabla ya kurudisha, wengi walikuwa wamepiga picha zao wenyewe, pepeta juu ya meza zao, mikono ya watoto wao, wakaandika kwa maneno yao na wao wakakaribisha. Sikuwafundisha. Zilikuwa picha mbaya, za giza, nyingine zimekata nusu ya sahani, na ziliuza kuliko zangu zote.

Nikampigia Bi Tatu nimwambie. Alikuwa anajitahidi kuongea kwa ukali wake, lakini sauti ilimkatika. Akasema, "Subiri," akawaita wenzake, akaweka simu kwenye kipaza, akaniambia rudia. Nikarudia. Mwaka ule walivuna mbichi mara ya pili, kwenye mashamba yaliyochelewa, na aliyetangulia kuingia shambani na kisu ni yule aliyenung'unika sana. Mama Ndeshi akatoa mifuko. Alisema siku zote alijua.

Tangu hapo ikawa ndiyo kanuni ya ubia wetu. Kila mwanzo wa msimu, Jumamosi moja, mlango uko wazi, anayekuja anakula. Baada ya hapo ndipo mauzo. Vijiji vya jirani vilijiunga na vitu vyao, asali, mchele, kambale wa kukausha. Kambale nilipiga picha nikiwa nimebana pumzi, mimi na Hansa hatuli nyama wala samaki, na Hansa alinilaza na dirisha wazi kwa wiki nzima. Akina mama nao walijifunza kupiga wenyewe. Nilikuwa nawafundisha kwa sauti kwenye simu: "Mlango, sio taa. Mkono, sio sahani. Usiniletee kidole chako kwenye lenzi, Bi Tatu." Naye ananijibu, "Kidole changu ndicho kinachokulisha."

Nazikumbuka sana hizo sauti. Sauti zao asubuhi, kuku nyuma, mtu anapita anawaamkia, wanamjibu katikati ya kuongea na mimi. Nilikuwa nakaa kwenye kaunta nakunywa chai ya Hansa, nasikiliza kijiji ambacho sikuwa nakaa, na nilikuwa mwenyeji.

Sasa nyumba ile imebomolewa. Wamejenga ghorofa la maduka ya simu. Mama Ndeshi amerudi Marangu, anasema baridi inamla magoti na hakuna wa kugombana naye. Hansa alifariki mwaka jana, baada ya msimu. Jumamosi yake ya mwisho alikuna nazi akiwa ameegemea ukuta, na bibi wa Mbagala hakuthubutu kumnyang'anya mbuzi.

Mimi nakaa kwa binti yangu Minal, Upanga, ghorofani. Asubuhi nafungua simu naona vyakula vyenu, vijana. Mnapiga vizuri, sisemi uongo. Mwanga mzuri, sahani nzuri, na chini yake: lipia kwanza, mzigo utakufuata. Kuna kijana mmoja, mpole, alikubali kuchukua kazi ya kikundi. Nikamweleza habari ya Jumamosi. Akacheka kwa heshima. "Mzee wangu, siku hizi hamna kuonjesha watu bure. Tunapiga kidogo tangazo la kulipia, oda zinashuka zenyewe, fasta." Nikampeleka kwa Bi Tatu kwa simu. Bi Tatu akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia kwamba bila mlango hakuna picha, na bila picha wataacha mpunga uive, watakula wali wao, pepeta basi. Wanaojua kuitwanga ni wachache na hawarudi ujana. Ukipita msimu mmoja bila kinu, mabega yanasahau. Hakuwa anatishia, alikuwa anaeleza.

Ndiyo maana swali lake limenishinda. Mlango upo au haupo? Nina kitanda, nina dirisha, nina picha ya Hansa ukutani. Studio sina. Kila nikitaka kusema upo namwona Hansa sakafuni na mbuzi yake, nasikia ukimya wa hapa ghorofani, nashindwa. Namkosa jamani. Namkosa nikiwa na njaa na namkosa nikiwa nimeshiba. Nilimjua maisha yangu yote ya utu uzima, na bado nikisikia neno karibu nageuka nione kama ameshaanza kupakua.

Niliandika mpaka hapo nikaiacha simu. Nilikuwa nataka kumalizia kwa kuwaomba ninyi, mmoja wenu mwenye chumba Kariakoo, ajitokeze. Lakini jana Minal alirudi kazini akanikuta sijala.

"Bapuji, una nini?"

Nikamwambia. Akavua viatu, akakaa.

"Mlango si huo?" akasema, akaonesha wa kwetu.

"Minal, ni ghorofa ya nne. Kuna mlinzi anauliza kila mtu anaenda kwa nani."

"Watasema wanaenda kwa Kanti."

"Majirani watasema nini?"

"Watakaribishwa."

"Wataketi wapi?"

Akaangalia sebule yake na makochi yake makubwa aliyoyanunua kwa tabu, anayoyafunika kwa shuka vumbi lisiyaguse. Mimi nikachukua simu kabla sijaingiwa na akili. Ikaita sana. Bi Tatu akapokea, anahema.

"Dada," nikasema, "mlango upo. Vuneni."

Kwanza nikasikia kinu. Michi miwili, inapokezana, mmoja juu mmoja chini, haisimami. Halafu nikamsikia anacheka.

"Tumeshavuna, Kanti. Tangu juzi tunatwanga. Kuna mtu wa shamba anamngoja mwanaume wa mjini amalize kulia?"

"Sasa uliniuliza ya nini?"

"Nilitaka usikie ukiulizwa," akasema. "Nunua nazi, gunia liko kwenye basi." Akakata.

Nilikaa na ile simu sikioni, haina mtu. Nililia, ndiyo, mbele ya mwanangu, na sikuona haya. Minal alikwenda mlangoni, akaufungua wote, akaweka kigogo usijifunge, halafu akarudi akashika upande mmoja wa kochi.

"Bapuji, shika huko," akasema. "Tuanze na hili kubwa."